Mama Musukaji na Wembe Wake

Ukimsikia mtu wa avenyu yetu, hapa Kikula, Likasi, anasema anaenda barzani, usimuulize barza ya nani. Barza ni nyingi, kila nyumba ina yake, kibaraza cha mbele, lakini iliyokuwa ikiitwa barza tu, bila jina la pili, ilikuwa ya yule mama aliyesuka vichwa vyetu. Jina lake analo, na la ubatizo analo pia. Sisi tulimwita Mama Musukaji, na yeye akaitika miaka yote hiyo bila kutuuliza kama tuna adabu.

Alikuwa mnene wa mabega, mwembamba wa miguu, na alikaa juu ya kigoda ambacho mtu mwingine akikikalia anaanguka. Wewe ulikaa chini, juu ya kipande cha mkeka, kichwa katikati ya magoti yake. Ukishaingia pale, umekwisha. Huwezi kugeuka, huwezi kupiga chafya bila ruhusa. Nimekua katikati ya yale magoti. Nasema hivi bila aibu: harufu yake, ya mafuta meusi ya kokwa za mawese na moshi wa makaa, naijua kuliko harufu ya shule zote nilizosoma.

Kazi yake ilikuwa nyuzi. Siku hizi wasichana wanataka meshi, nywele za kununua zinazofika kiunoni, na saloni za mjini zinawapa. Yeye alisuka nywele yako mwenyewe, ile uliyozaliwa nayo, kwa uzi mweusi wa pamba. Anagawa kichwa kwa ncha ya kichanuo, anashika fungu, anaanza kuzungusha uzi kutoka kwenye ngozi mpaka nchani, na nywele iliyokuwa imejikunja kama ngumi inanyooka. Ukikaa na nyuzi wiki mbili halafu ukazifungua, unakuta nywele imerefuka na imelainika, na hakuna moto wala dawa iliyoigusa.

Kabla ya uzi kulikuwa na maji. Alipasha maji ya vuguvugu kwenye mbabula, jiko lake la makaa, akalowesha kichwa chote, akapaka mafuta, halafu akachana kuanzia nchani akipanda pole pole kwenye ngozi. Ole wako umwambie kwamba nyumbani unachana kuanzia juu. Alikuwa anakutazama kwa huruma, ile huruma inayoudhi kuliko tusi. Wanawake waliokuwa wanatoka kuosha mawe ya machimbo, kichwa kimejaa vumbi jekundu, aliwaosha mara mbili nje ya lango kabla hajawaruhusu kukaa. Alisema vumbi la mawe linakata nywele kidogo kidogo, na mtu anakuja kulaumu ukoo wake.

Na alikuwa na kipimo chake. Akimaliza, anakugeuza uso kwake na kukuamuru ukasirike. Ndiyo, ukunje uso, ukunje paji mpaka mikunjo ionekane. Kama paji la uso limekataa kukunjika, basi amekaza mno, na hapo hapo anafungua mistari ya mbele na kuanza upya, hata kama jua linazama na wewe una njaa. Saloni za mjini zinakaza mpaka macho yanavutika, na msichana anatoka akijiona mzuri. Baada ya miaka mitatu anaanza kufunga kitambaa kwa sababu nywele za pembeni zimemkimbia. Kwake hakuna aliyepoteza nywele za pembeni. Nenda avenyu yetu leo uangalie mama zangu wadogo, utaona mwenyewe.

Sasa msifikiri nawachorea malaika. Mpole hakuwa. Alikuwa mtu wa subira juu ya kichwa cha mtu na mtu wa haraka katika mambo mengine yote. Bukari yake, ugali wetu, ilikuwa na madonge, kwa sababu hakuweza kusimama juu ya sufuria mpaka unga uive. Aliingia misa wakati wa mahubiri na kutoka kabla ya baraka. Alipiga marufuku masengenyo barzani, anakwambia hapa tunasuka, hatusemi watu, na bado hakuna mimba ya avenyu ambayo hakuijua kabla ya mama mwenye nyumba. Ukimuuliza ameambiwa na nani, anajibu kwamba nywele ya mjamzito inabadilika mkononi. Labda ni kweli. Mimi nadhani alikuwa na masikio makubwa.

Wala hakujua kuomba msamaha. Hili lazima nilieleze kwa kisa cha lise.

Nilisoma lise, sekondari ya masista, na pale kila wiki walikuwa wanatangaza mtindo wa kusukwa. Wiki hii mistari inaenda nyuma, wiki ijayo inapanda juu, na msichana akija na mtindo wake anarudishwa nyumbani. Basi kila Jumamosi sisi wasichana wa avenyu tulipanga foleni barzani, na wa kwanza ndiye aliyemwambia Mama Musukaji mtindo ni upi. Jumamosi moja wa kwanza alimwambia vizuri kabisa, mistari ya kupanda juu. Mama Musukaji akasema hapana, ya kupanda juu ilikuwa juzi, masista hawawezi kurudia hivyo, yeye anawajua. Akatusuka sote mistari ya kwenda nyuma. Tulijua amekosea. Nani angemwambia? Jumatatu asubuhi mkuu wa nidhamu akatusimamisha langoni, avenyu nzima, tumefanana kama sahani za harusi, akaturudisha.

Tulimkuta barzani anapepeta mchele. Akatutazama tunavyoingia mmoja mmoja na mikoba yetu. Hakusema pole, hakusema nimekosea. Alisema masista wamevurugika akili, akaweka mchele pembeni, akatufungua sote na kutusuka upya mpaka jioni, bila kupumzika na bila kula. Huo ndio ulikuwa msamaha wake. Ukitaka maneno, ungeenda kwa mwingine.

Mume wake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, kwenye tanuri, mtu mrefu wa maneno machache. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kuungua. Alikuwa anapita katikati yetu pale barzani, anatusalimu jambo, anaingia ndani. Yeye na baba yangu walikuwa watoto wa ndugu, ukoo mmoja, ndiyo maana nilikuwa na ruhusa ya kuingia mpaka jikoni kwao. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka kulisema, kwa sababu ukoo mmoja maana yake shangazi wale wale.

Kwetu, kukiwa na kilio katika avenyu, hakuna anayesukwa mpaka maiti izikwe. Wanawake wanafungua nywele, wanafunga kitambaa, wanakaa chini. Mama Musukaji alikifunga kigoda chake kwa kamba siku hizo, asije mtoto akakikalia. Lakini baada ya mazishi watu walikuja kumwita, kwa sababu yeye pia ndiye aliyekuwa na wembe. Mkono ule ule uliokuza nywele za Kikula ndio uliokuwa unanyoa wajane. Ukoo wa marehemu ukitaka mjane anyolewe, walimwita yeye, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuacha damu.

Alikuwa na namna yake ya kufanya. Anaingia, anakaa mbele ya mjane, anatoa wembe wazi wazi, na kabla ya kugusa unywele mmoja anamuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, kama anataka. Wengi walisema ndiyo. Kuna mwanamke anayetaka kabisa, mwili wake wenyewe unataka kuonyesha kilichompata, na Mama Musukaji aliwanyoa hao kwa upole ambao hata sisi watoto hakutupa, akawapaka mafuta, akawafunga kitambaa. Wengine walisema ndiyo kwa hofu. Nao aliwanyoa, ila alirudia swali kwanza. Watu walilizoea swali lake kama wanavyozoea sala kabla ya chakula, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kusema hapana.

Halafu baba yangu akafa, na mama yangu akasema hapana.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, naelewa kila kitu. Mama alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, nzito. Baba alikuwa anajisifu nazo mbele za watu mpaka mama anaona aibu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka upande wa Mulungwishi na wanawake wengine wa ukoo, wakakaa upande mmoja wa chumba, mama upande mwingine juu ya mkeka. Mama Musukaji akaingia na wembe. Niliamini mama atanyolewa, na niliona uchungu kama vile wanataka kumtoa baba ndani ya nyumba mara ya pili.

Mama Musukaji akakaa mbele yake.

"Mama, miye niko na wembe mu mukono," akasema. "Unataka nikunyole, ao hautaki? Sema weye. Hapana hawa."

Mama aliutazama wembe. Halafu akasema, "Sitaki."

Shangazi alianza kusema juu ya desturi, juu ya kaka yake, juu ya mwanamke anayependa uzuri kuliko mume. Maneno mengine siyarudii, mtu akiwa na kilio anasema mengi. Mama Musukaji alimwacha amalize. Kisha akaufunga wembe ndani ya kitambaa, akautia kifuani, akamwagiza mtoto alete maji ya vuguvugu na mafuta. Mbele ya ukoo mzima akakaa nyuma ya mama yangu na kumwosha kichwa. Kichwa kile kilikuwa hakijaguswa tangu baba alipolazwa. Mama ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mimi nikalia naye.

Shangazi alisimama. "Weye pia uko na bwana," akamwambia Mama Musukaji. "Siku yake itafika. Sisi njo tutakuya na wembe, na tutaona nani atakuuliza."

Mama Musukaji hakuinua hata macho. "Mutakuya," akasema. "Mutanikuta pa barza."

Ukoo haukusahau. Kwa muda mrefu wanawake wa upande ule walipita mbele ya barza bila kusalimia. Hawakumwita tena kwa wembe, wakampata mzee mmoja wa mtaa mwingine aliyekuwa anakwaruza watu. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kufanyika. Baada ya mama yangu, mjane mwingine akasema hapana, na mwingine, na huyo mzee wa mtaa mwingine akajikuta anaulizwa na wajane wenyewe mbona yeye haulizi.

Kwangu mimi ile ahadi ya shangazi ilibaki mwilini kama mwiba. Nilihamia Lubumbashi kwa kazi, nikaolewa, nikazaa, na kila nikisikia mume wa Mama Musukaji anaumwa, sikumwaza mgonjwa kwanza. Mungu anisamehe, niliwaza kichwa cha mke wake. Maana Mama Musukaji mwenyewe alikuwa na nywele, jamani. Alizisuka nyuzi ndefu, akazikusanya juu, akatembea nazo sokoni kichwa wazi, mvi na yote, na lile ndilo lilikuwa tangazo lake la pekee la kazi. Nilijiambia kwamba siku ikifika nitapanda gari, nitasimama mlangoni, na atakayegusa kichwa kile atapita juu yangu kwanza. Kama alimsimamia mama yangu, mimi nitamsimamia yeye. Mama yangu naye, kabla hajafariki, aliniagiza neno hilo hilo.

Mwaka huu, katika majira ya baridi, mume wa Mama Musukaji akafa. Habari ilinifikia nikiwa na mtoto mgonjwa, na nilipofika Likasi mazishi yalikuwa yamepita. Sikupitia hata nyumbani kwetu kuweka mkoba. Nilienda moja kwa moja, natembea nikipanga maneno, na maneno yalikuwa makali.

Nilimkuta barzani, amekaa kwenye kigoda chake, anaota jua. Alikuwa amenyolewa. Kichwa kizima, kinang'aa, kidogo kuliko nilivyokijua, na masikio yake yalikuwa nje kama ya mtoto.

Mkoba niliuweka chini. Halafu hasira ikaja. Nilianza kusema pale pale lango likiwa wazi, kwamba ni shangazi, najua ni shangazi, na kwamba nakwenda Mulungwishi leo hii, na wanaume wote walikuwa wapi, na watoto wake je. Nilisema mengi. Yeye aliniacha nimalize, vile alivyomwacha shangazi siku ile.

"Hakuna muntu alinifanya kitu," akasema. "Kaa kwanza."

Nikakaa chini, kwenye mkeka, bila kufikiri.

Akanieleza pole pole. Shangazi alikuja, ndiyo, mzee sasa, anatembea kwa kushikwa mkono. Wembe hakuleta. Alisema mbele ya watu kwamba mambo yale yamepita, kwamba hata mapadri na wachungaji wamesema, na kwamba mjane huyu aachwe na nywele zake. Ukoo wote ukakubali. Ndipo Mama Musukaji akaingia chumbani, akatoka na wembe wake mwenyewe, akaenda kumwekea shangazi mkononi. Shangazi alikataa. Akabembelezwa, akakataa tena. Mwishowe, akiona mwenziwe amekwisha kukaa mbele yake na kuinamisha kichwa, akamuuliza kwa sauti ya kusikika kama kweli anataka, akajibiwa ndiyo. Akanyoa huku analia, na Mama Musukaji akawa anamfundisha namna ya kuushika wembe usimkate.

Nilimtazama. Nilikuwa nimekasirika bado, sasa nikimkasirikia yeye. Nilimwambia sielewi. Watu wamemwachia, adui mwenyewe amemwachia, mama yangu alikufa na nywele zake kwa sababu yake, na yeye anakwenda kujinyolesha. Nilimuuliza ni kwa ajili ya nini.

Alijipapasa kichwa, polepole, kutoka paji mpaka shingoni.

"Ile nywele, yee njo alikuwa anaisuka," akasema.

Sikuelewa yee ni nani. Akalazimika kusema tena, bwana yake. Mbele alikuwa anajisuka mwenyewe, ila nyuma mikono haifiki. Tangu walipooana, mzee yule wa tanuri, na vidole vyake vilivyoungua, ndiye aliyekuwa anamwosha kichwa na kumzungushia uzi nyuma, Jumamosi mchana, mlango umefungwa, maana mwanamume wa kiwandani akionekana anasuka mwanamke angechekwa mpaka kaburini. Jumamosi mchana! Avenyu nzima ilijua ule mlango unafungwa. Tuliokuwa tunangoja zamu barzani tulikuwa tunapigana viwiko na kucheka, na mama zetu wanatukaripia huku nao wanacheka. Nilimwambia tulichokuwa tunadhani. Alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta machozi kwa kanga.

"Nywele yote aliishika yeye," akasema. "Nikamupa aende nayo. Ingine itamea, itakuwa yangu."

Nikamuuliza kama angalau mzee alijua kusuka. Akatoa sauti ya puani, ile ile ya zamani. Hakujua hata kidogo. Alikuwa anagawa vibaya, anaogopa kukaza, na nyuma yote ilikuwa inalegea kabla ya katikati ya wiki. Miaka yote ile.

Na ni kweli. Nilikumbuka hapo hapo, tukiwa wasichana kanisani, benchi la nyuma yake. Mistari ya nyuma ya kichwa chake ilikuwa imepinda, uzi mmoja ukining'inia shingoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulidhani haoni. Nikamuuliza sasa, mtu kama wewe, uliyetufungua sisi kwa ajili ya mstari mmoja tu, uliwezaje kupita mbele ya watu vile.

"Alilomba anisuke," akasema. "Nikamwambia ndiyo."